Leza baada ya upasuaji wa mtoto wa jicho: maswali kuhusu miale ya taa, mng'ao na uoni usiotulia

Kwenye benchi la kliniki ya macho hapa Mwanza, mtu aliyefanyiwa upasuaji mwaka mmoja au miwili iliyopita huanza kwa neno lile lile: "Amerudi." Anamaanisha mtoto wa jicho. Anafanyiwa leza, ukungu unaondoka, anashukuru. Kisha baadhi yao wanarudi na lalamiko jipya: taa za usiku zina miale, jua la ziwani linachoma, herufi anazisoma lakini "sioni vizuri". Mimi ni muuguzi wa macho, na mama yangu mzazi amepitia haya yote, kwa hiyo maswali haya nimeyasikia kazini na nimeyasikia sebuleni. Nimejibu kwa urefu pale ambapo nimeshuhudia jibu fupi likimwumiza mtu.

Mtoto wa jicho amerudi?

Hapana, hawezi kurudi. Mtoto wa jicho ni lenzi yako ya kuzaliwa iliyopata ukungu, na hiyo ilishatolewa. Ila daktari anapoitoa huacha kifuko chake, ngozi nyembamba sana na angavu, kisha huweka lenzi ya plastiki humo humo ndani. Seli chache za lenzi ya zamani hubaki kwenye kingo za kifuko. Hizo huzaliana taratibu na kutambaa nyuma ya lenzi mpya, na ukuta wa nyuma wa kifuko, yaani utando, uliokuwa kama nailoni mpya unageuka kuwa kama nailoni iliyokaa juani mwaka mzima: mwanga unapita, sura hazipiti.

Kwa watu wazima ukungu huu huwapata karibu robo yao ndani ya miaka 5. Kwa watoto wadogo ni karibu wote wasipofunguliwa mapema, ndiyo maana mara nyingi daktari huufungua ukuta huo siku ile ile ya upasuaji. Si kosa la daktari wako, na wala hukuyaleta kwa kurudi shambani mapema.

Leza inachoma jicho?

Haichomi. Leza inayotumika hapa huitwa YAG. Mwanga wake hauonekani kwa macho, urefu wa wimbi lake ni nanomita 1064, na hupigwa kwa mapigo mafupi mno, ya sehemu za bilioni za sekunde. Kila pigo hupasua kijisehemu cha utando. Njia hii ilianza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa kazi ya madaktari wa macho Danièle Aron-Rosa kule Paris na Franz Fankhauser kule Bern, Uswisi. Kabla ya hapo utando ulifunguliwa kwa sindano au kisu ndani ya jicho.

Wewe utawekewa matone ya kupanua mboni na ya ganzi, utaweka kidevu kwenye mashine kama ile ya kupimia macho, na utasikia "tik, tik, tik". Pengine utawekewa kioo kidogo juu ya jicho ili lisicheze. Ni dakika chache. Hakuna kushonwa, hakuna bandeji, unarudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Nimefanyiwa juzi, mbona taa bado zina miale?

Tulia kwanza. Mboni yako inaweza kubaki pana kwa saa kadhaa, wakati mwingine hadi kesho yake, na mboni pana huingiza mwanga ovyo. Vipande vya utando uliopasuliwa bado vinaelea ndani. Wengi huona tofauti kubwa ndani ya siku moja au mbili, na utulivu zaidi ndani ya wiki mbili hadi nne. Ukiona unazidi kuwa vibaya badala ya kupata nafuu, usisubiri wiki hizo ziishe.

Mwezi umepita na taa bado zinanipiga. Ni nini?

Hapa ndipo neno "utazoea" linapofanya madhara, kwa sababu miale ina vyanzo vingi na vingi kati ya hivyo vina tiba.

Mimi huanza kuwaza ukubwa wa dirisha. Leza hufungua dirisha katikati ya utando, mara nyingi lenye upana wa milimita 3 hadi 4. Mchana mboni ni ndogo kuliko dirisha hilo, na kila kitu ni safi. Giza likiingia mboni inapanuka, kwa vijana kuliko wazee, mpaka inalipita dirisha, na sasa mwanga wa taa unagonga kingo za utando uliobaki. Kingo hizo huutawanya. Jaribu hivi nyumbani: simama gizani, tazama taa moja ya mbali, ishike akilini miale yake. Kisha mwambie mtu awashe taa nyingine ubavuni mwako, isikupige machoni moja kwa moja. Mboni itajikunja. Kama miale imefifia au imetoweka, mweleze daktari hivyo hivyo. Huenda kinachotakiwa ni mapigo machache zaidi ya leza kulipanua dirisha, au matone ya kubana mboni kwa saa za usiku, akiona yanakufaa.

Kuna makunyanzi pia. Utando ukibaki na mikunjo katikati, kila mkunjo huivuta taa kuwa mstari mrefu unaoukata mkunjo huo. Mama aliona mstari mmoja tu, kama mshale uliochomwa kwenye taa. Akiinamisha kichwa, mshale unainama naye. Mstari unaoinama na kichwa chako unatoka kwenye jicho lako au kwenye miwani yako; vua miwani, jaribu tena, na utajua ni kipi kati ya hivyo viwili.

Leza nayo inaweza kukosa shabaha kidogo na kuacha vishimo kwenye lenzi ya plastiki. Vichache vilivyo pembeni havisumbui. Vikiwa vingi katikati vinaweza kuongeza mng'ao, na haviondoki. Una haki ya kuuliza kama vipo kwako, na daktari akikuangalia kwa mashine ataviona.

Halafu yapo yasiyoihusu leza kabisa. Upasuaji mwingi wa mtoto wa jicho nchini kwetu hufanywa kwa mkato mdogo usioshonwa. Ni njia nzuri na imewarudishia watu wengi macho, lakini mkato huo unaweza kubadili kidogo mviringo wa konea, kile kioo cha mbele ya jicho. Mviringo usipokuwa sawa, nukta ya taa inavutika upande. Hiyo huitwa astigimatizimu na hurekebishwa kwa miwani. Toboa kitundu kidogo kwenye kadi ngumu kwa sindano, tazama kupitia hapo: kama taa inakuwa nukta safi, unahitaji kupimwa miwani kabla ya kingine chochote. Macho makavu nayo hutawanya mwanga. Dalili yake ni kwamba ukipepesa, taa inatulia kwa muda kisha inachafuka tena. Na lenzi zile zinazoonyesha mbali na karibu kwa pamoja huleta pete kuzunguka taa kwa maumbile yake, leza haiziondoi.

Tafadhali fumba jicho moja moja unapofanya majaribio haya. Nimewaona watu waliolilaumu jicho lililofanyiwa leza kwa miezi, kumbe miale inatoka jicho la pili ambalo bado lina mtoto wa jicho.

Chati nasoma hadi chini, naambiwa niko sawa. Nakosea mimi?

Hukosei. Chati inapima herufi nyeusi juu ya ubao mweupe, ndani ya chumba chenye kivuli, umekaa. Haipimi kumtambua mtu anayekuja akiwa na jua mgongoni. Haipimi ngazi za mawe zenye rangi ya vumbi saa kumi na mbili jioni, na mji wetu umejengwa juu ya mawe. Mtu anaweza kusoma vizuri na bado akapoteza uwezo wa kutenganisha kijivu na kijivu, au akapofuka kwa sekunde kadhaa kila bodaboda inapomkabili.

Mama aliuza dagaa Mwaloni, Kirumba, kwa miaka mingi. Baada ya leza aliweza tena kuhesabu hela na kusoma Biblia yake. Lakini jioni hakuvuka barabara bila kushikwa mkono. Tulipokwenda kulalamika, aliwekwa mbele ya chati, akasoma, akaambiwa utazoea, mama. Tulirudi baada ya miezi mitatu, jibu lile lile. Miezi minane ikapita hivyo, na mimi muuguzi nikiwa naye, nikimwamini mwenye koti jeupe kuliko nilivyomwamini mama. Hilo bado linaniuma. Siku mboni yake ilipopanuliwa na daktari mwingine akatazama kwa makini, dirisha lilionekana: dogo, tena limeelemea upande mmoja, na mkunjo umebaki katikati. Leza ya dakika tano. Mpaka leo anaona mwale mmoja mwembamba kwenye taa kali, na haumzuii kwenda popote.

Kwa hiyo ukiambiwa uko sawa, uliza kwa heshima maswali mawili: "Daktari, unaweza kunipanua mboni uliangalie dirisha la leza?" na "Naweza kupimwa kusoma huku mwanga ukinimulika?" Kama kliniki haina kifaa cha kupima mng'ao, chati ile ile huku tochi ikikumulika kutoka pembeni itaonyesha kitu.

Miale nimeiona tangu bandeji ilipotolewa siku ya pili ya upasuaji. Nimeambiwa nifanyiwe leza. Nikubali?

Usikubali siku hiyo hiyo. Hili ndilo swali ambalo natamani kila mgonjwa alifahamu.

Ukungu wa utando hauoti kwa siku moja. Kwa mtu mzima huchukua miezi au miaka. Ukiona tao la mwanga, miale, au kivuli cheusi chenye umbo la mwezi mwandamo upande wa sikio tangu siku za mwanzo kabisa, mara nyingi chanzo ni lenzi yenyewe: ukingo wake unavyourudisha mwanga, au namna ilivyokaa. Kwa wengi hali hiyo hupungua yenyewe ndani ya miezi kadhaa. Kwa wachache haipungui, na tiba inaweza kuwa kuibadilisha lenzi. Kuibadilisha kunakuwa salama zaidi kifuko kikiwa kizima. Leza ikishatoboa ukuta wa nyuma, ute wa ndani ya jicho unaweza kusogea mbele wakati wa upasuaji, lenzi mpya inakosa pa kukaa vizuri, na hatari inaongezeka.

Kwa hiyo daktari anapokuambia leza, muulize kama anauona ukungu kwenye utando, na kama ukungu huo unatosha kueleza unachokiona. Kama uliona vizuri kwa muda, kisha ukungu ukaja polepole, leza ina maana kubwa. Kama hujawahi kuona vizuri hata siku moja tangu upasuaji, chunguzeni kwanza lenzi, konea na retina, ile ngozi ya nyuma ya jicho inayopokea picha. Daktari mzuri hataudhika kwa swali hili.

Navua dagaa usiku. Nitaweza kurudi kazini?

Wengi wanarudi, lakini kazi yako ni mtihani mgumu kuliko wa mtu wa ofisini. Dagaa huvuliwa giza la mwezi kwa taa, na wewe unatazama kutoka taa kali hadi maji meusi na kurudi tena, usiku mzima. Mboni yako iko wazi kabisa. Ukiwa na dirisha dogo, utalijua ziwani kabla ya kulijua mjini. Mwambie daktari kazi yako kabla ya leza. Kwa mtu wa aina yako anaweza kufungua dirisha pana kidogo tangu mwanzo, kama jicho linaruhusu.

Kwenye mtumbwi, taa iwe na kofia juu inayoelekeza mwanga majini, na wewe kaa mahali ambapo huitazami balbu yenyewe. Usiku wa kwanza nenda na wenzako wanaojua hali yako, na usishike injini wakati wa kuingia mwaloni.

Naona nzi weusi na vinyuzi vinavyoelea. Ni hatari?

Vichache, vinavyosogea unaposogeza jicho, ni kawaida baada ya leza na hupungua kwa wiki kadhaa.

Hatari ni hii: nzi wengi kwa ghafla kama mtu amemwaga unga wa mkaa, vimulimuli vya radi pembeni mwa jicho hata ukiwa gizani, au pazia linaloshuka, kupanda au kuingia kutoka upande na kuziba sehemu ya uoni. Hiyo inaweza kuwa retina inabanduka. Ni nadra, kwa takriban mtu 1 kati ya 100 au pungufu, lakini hatari hudumu kwa miezi mingi baada ya leza, na ni kubwa zaidi kwa waliokuwa hawaoni mbali tangu ujana. Ukiyaona hayo usisubiri siku ya kliniki wala meli ya kesho kutwa. Nenda hospitali kubwa yenye daktari wa macho siku hiyo hiyo. Kwa Kanda ya Ziwa, hospitali ya rufaa ya kanda ni Bugando. Maumivu makali na wekundu unaozidi, au herufi za katikati kupinda na kufifia, navyo ni vya kuwahishwa.

Kwa nini naambiwa nisubiri saa nzima baada ya leza?

Presha ya jicho inaweza kupanda katika saa za mwanzo. Ndiyo maana unawekewa matone kabla au baada, na kupimwa tena. Mwenye glakoma, ugonjwa wa presha ya jicho, asikubali kuondoka bila kupimwa, hata kama gari linapiga honi getini.

Miwani ipi inasaidia?

Kwa jua la ziwani, miwani ya jua ya aina ya polaraizi. Hiyo hukata ule mng'ao unaorudi kutoka juu ya maji na juu ya bati. Ukitaka kujua kama ni ya kweli, itazame simu yako kupitia miwani huku ukiizungusha simu polepole. Kwa simu nyingi kioo kitafifia au kuwa cheusi kwenye pembe fulani. Kofia pana ni rafiki wa bei nafuu kuliko yote, kwa sababu mwanga unaotoka juu hauingii kabisa.

Kwa usiku, miwani yako ya kawaida iliyopimwa vizuri, safi, isiyo na michubuko, ikiwezekana yenye tabaka la kuzuia mng'ao. Ile ya njano inayouzwa na machinga kwa ajili ya "kuendeshea usiku" siwezi kukushauri. Inapunguza mwanga wa taa zinazokukabili, lakini inapunguza pia mwanga wa mtu anayetembea pembeni bila taa, na huyo ndiye unayehitaji kumwona. Dereva wa mbele akiwasha fulu, punguza mwendo, tazama ukingo wa kushoto wa barabara hadi apite. Ukiona huwezi, acha kuendesha usiku mpaka jicho litazamwe.

Yapo matone yalibaki kwenye friji. Nijitibu kwanza?

Usijitibu, tafadhali. Matone mengi ya baada ya upasuaji yana steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe. Ukiyatumia bila kupimwa yanaweza kupandisha presha ya macho kimyakimya, na uoni unaopotea kwa glakoma haurudi. Chupa iliyofunguliwa miezi iliyopita nayo inaweza kuwa na vijidudu. Majani, asali, maziwa ya mama, maji ya tumbaku: usiweke chochote.

Leza hurudiwa?

Kwa mtu mzima mara nyingi ni mara moja tu. Hurudiwa kupanua dirisha, au mara chache seli zikiota tena kwenye kingo. Dirisha lililofunguka vizuri kwa kawaida halijifungi.

Nampeleka bibi kutoka Ukerewe. Tujipange vipi?

Piga simu kwanza uulize kama mashine ya leza inafanya kazi na daktari yupo siku hiyo. Kila mwezi nawaona watu waliovuka kutoka Nansio na kukuta mashine imeharibika, na mtu wa miaka 70 anageuka kurudi na kikapu chake. Uliza bei, na kama ana bima uliza kama inalipia leza, kabla ya kupanda meli.

Leta karatasi ya upasuaji na kadi ya lenzi, dawa zote anazotumia, na miwani yake hata kama imevunjika mkono. Andika kwenye karatasi lini uoni ulianza kubadilika na taa zinafanyaje. Mbele ya daktari bibi atasema "sijambo, mwanangu, naona" kwa adabu, na yale ya usiku hayatatajwa.

Pangeni kulala Mwanza siku hiyo. Mboni ikiwa imepanuliwa, bibi asishuke ngazi peke yake, wala asipandishwe bodaboda bila mtu wa kumshika. Mvalishe kofia na miwani ya jua kabla hamjatoka mlangoni, siyo baada. Na jioni, taa za mji zikiwaka, mpelekeni dirishani, afumbe jicho moja, kisha la pili, awaambie anachokiona. Kiandikeni.